Mikono na Swali la Gereji

Hospitalini walimwita wifi yangu Mikono. Jina hilo alilipata katika chumba cha watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya wakati wao. Mshipa ambao wauguzi wenzake waliutafuta mpaka jasho likawatoka, yeye aliupata mara moja, juu ya kichwa cha mtoto kisichozidi chungwa. Mimi ni fundi cherehani, na siku moja ncha ya sindano ilinivunjikia ndani ya kidole. Aliitoa huku tunaongea na sikuhisi kitu. Nikamwambia, "Wifi, kwa mikono hiyo ungekuwa mwizi, mji mzima ungelala uchi." Alicheka mpaka akakaa chini. Naanza na kicheko hicho kwa sababu katika mwaka ninaotaka kuueleza hakucheka sana.

Tuliishi nyumba moja, yeye na mimi, na kaka yangu mumewe, ambaye ni dereva wa malori na nyumbani huonekana kama mgeni mwenye begi. Mimi nilipewa chumba cha mbele, nikakigeuza karakana ya kushonea. Wifi alipotoka zamu alipita kwangu kwanza. Alivua viatu, akakaa juu ya marobota yangu ya vitambaa, jambo ambalo nimemkataza tangu alipoolewa, kisha akanipa habari za chumba chake.

Habari hizo zilikuwa na namna yake. Katika chumba kile kulikuwa na mwiko: hakuna muuguzi aliyeruhusiwa kusema kwamba mtoto fulani hatapona. Isiwe kwa kunong'ona, isiwe hata wakati wa kupokezana zamu. Waliamini kwamba ukishalitamka neno hilo, mikono yako inalegea, unaanza kumhudumia mtoto huku umeshamuaga. Kwa hiyo waliwapa vyeo. Mdogo kuliko wote ndiye aliyepata cheo kikubwa kuliko wote. Wifi angeniambia, "Leo Jenerali kamaliza maziwa yake yote," au, "Mkurugenzi kanikojolea, tena kwa makusudi." Na akizaliwa mmoja wa kutosha kiganjani, mkuu wa zamu hakuwa na maneno mengi. Alisema tu, "Huyu mpeni Mikono," na kitanda cha joto kikasukumwa hadi kona ya wifi yangu, karibu na dirisha. Alikuwa akija nyumbani akisema, "Nimepewa Meneja," nami nilielewa kwamba nyumba nzima itakuwa roho juu mpaka Meneja aongezeke uzito.

Kisha akaja msimamizi mpya wa wauguzi. Ningependa kusema alikuwa mtu mbaya, ingenirahisishia kazi ya kumchukia, lakini wote walikubaliana kwamba alikuwa mpole, anasalimia mpaka wafagiaji. Alitaka kujua kwa nini watoto wanakufa, na hilo ni jambo la haki kutaka kulijua. Akahesabu vifo kwa kufuata muuguzi aliyekuwa na mtoto, akavichora kwa mistari ya rangi kwenye karatasi kubwa na kuibandika ukutani. Mstari wa wifi yangu ulikuwa mrefu kuliko yote. Wifi aliniambia kwamba alipouona mara ya kwanza alidhani ni wa mahudhurio, akafurahi.

Siku hizo hizo akafariki Meneja. Alikuwa amekaa pale muda mrefu, mtoto wa kulishwa kwa mrija, na jioni moja wifi alikuwa ameingia kwangu bila hata kuvua viatu kunieleza kwamba Meneja ameanza kunyonya mwenyewe. Tulishangilia kama vichaa. Alfajiri ya zamu iliyofuata Meneja akaacha kupumua, wifi akahangaika naye, wakahangaika naye wote, basi. Wiki hiyo aliitwa ofisini. Mkuu wa zamu alikuwamo pia, yule yule wa "mpeni Mikono", ameinamisha uso anaangalia sakafu. Msimamizi akamwuliza wifi kwa upole kama ana lolote la kusema.

Wifi akasema, "Labda nilikuwa nimechoka."

Hakuongeza neno. Walimhamishia chumba cha kuchemshia vifaa. Kutwa anaosha mikasi na koleo, anazifunga ndani ya vitambaa vya kijani, anazisukumia kwenye mtungi wa mvuke. Damu ilinipanda. Nilitaka kwenda huko hospitalini na futi yangu shingoni hivyo hivyo nikawapime maneno, lakini kaka alinipigia simu kutoka safarini akaniambia nisimharibie mke wake kazi hata hiyo iliyobaki. Nikajikaza. Wifi naye akawa anapita kwangu kama zamani, anakaa juu ya marobota, ila habari hana. Chumba kile cha vifaa hakina mtu wa kumpa cheo.

Ndipo ikatangazwa nafasi. Hospitali nyingine, kubwa, ilikuwa inafungua masomo ya uuguzi wa watoto wachanga, na atakayechukuliwa atasoma huku akifanya kazi kwenye chumba chao cha njiti. Waliweka ukomo wa umri, na wifi alikuwa amebakiwa na mwaka huo tu. Akiukosa, ni mikasi na mvuke mpaka astaafu. Kulikuwa na mtihani wa kuingilia wenye sehemu tatu: hesabu, lugha, na ya tatu iliitwa fikra tunduizi. Kaka alilisoma jina hilo akasema linafanana na dawa ya minyoo. Ukianguka sehemu moja, umeanguka zote.

Hesabu haikumsumbua, maana mtu anayepima dawa kwa tone hawezi kushindwa na asilimia. Lugha pia alikuwa nayo. Hiyo ya tatu ndiyo iliyomtoa kamasi. Alinunua kitabu cha mazoezi, cha mitumba, jalada limeshikwa kwa gundi ya karatasi, na tukaanza. Mimi nasoma swali kwa sauti, yeye ananishonea vifungo kwenye mashati ya shule huku anawaza. Niseme ukweli, yale maswali yalinichefua. Kuna moja lilisema kila duka lenye mlango mwekundu linauza mkate, na duka hili linauza mkate, je, tunaweza kusema mlango wake ni mwekundu?

"Si uende ukaangalie!" nikasema.

"Hawataki niangalie, wifi. Wanataka nijue kipi siwezi kukijua nikiwa nimekaa hapa."

"Na wewe unalipa kiingilio kwa ajili ya hayo?"

Alitabasamu kidogo. Pole pole alianza kuyapata. Wiki hadi wiki nilimwona anavyoshika ncha ya swali na kulivuta, kama anavyovuta uzi uliojificha kwenye pindo, na kuna siku alipata yote ya ukurasa. Isipokuwa lile moja.

Swali lenyewe nililisoma mara nyingi mpaka nikalihifadhi. Mwenye gereji ameajiri fundi. Magari yanayotengenezwa na fundi huyo yanarudi mabovu mara nyingi kuliko ya fundi mwingine yeyote pale gerejini. Kwa hiyo mwenye gereji amehitimisha kwamba kazi ya fundi huyo ni mbaya kuliko ya wenzake. Lipi kati ya haya, likiwa ni kweli, linadhoofisha zaidi hitimisho hilo? A, fundi huyo ana vyeti vingi kuliko wenzake. B, wateja wanampenda kwa sababu ana lugha nzuri. C, fundi huyo hufanya kazi saa nyingi kuliko wenzake na mara nyingi huwa amechoka. D, magari yaliyowashinda mafundi wengine hupelekwa kwa fundi huyo.

"C," alisema wifi, bila kuinua macho kwenye kifungo.

Nikafunua nyuma ya kitabu. "Wameandika D."

"Wamekosea."

Jumamosi iliyofuata tukalirudia. C. Tukaliacha, tukalirudia tena baada ya kufanya mengine, nikadhani kasahau, na mkono wake ukaenda C kama mtu anayerudi kwake gizani. Mimi sikuwa na elimu ya kumweleza kwa nini ni D. Kitabu nacho kilitoa herufi tu, bila maelezo, kama baba anayejibu "kwa sababu nimesema." Nilichokiona ni kwamba mtu anayefumbua mafumbo ya kurasa nzima anagota kwenye gereji, na mtihani umekaribia.

Mchana mmoja tulikuwa tumefunga mlango wa mbele kwa ajili ya vumbi, cherehani imenyamaza, mashati yamejaa mapajani. Nikamsomea tena.

"D ni kisingizio," akasema. "Fundi ni fundi. Ukishapewa gari, gari ni lako. Huwezi kusimama unasema lilikuja limeharibika."

"Na C je?"

"C ni ukweli. Mtu akichoka anakosea. Hapo angalau anatetewa."

Nilikuwa nimechoka mwenyewe, na njaa, na mdomo wangu haujawahi kungoja ruhusa. Nikasema, "Anatetewa wapi? Ningekuwa mimi ndiye mwenye gereji, ukaniambia fundi wangu amechoka, ningemfukuza siku hiyo hiyo nikatafute asiyechoka!"

Sindano ikasimama. Nilidhani nimemuudhi, nikawa natafuta neno la kulainisha. Lakini yeye alichukua kitabu mikononi mwangu, akakiweka juu ya mashati, akawa anafuata mistari kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Ngoja," akasema. "Mwenye gereji anasema kazi yake ni mbaya. C inasema amechoka. Aliyechoka kazi yake inakuwaje?"

"Mbaya."

"Kwa hiyo C inakubaliana na mwenye gereji." Alisema taratibu sana. "Haimtetei fundi hata kidogo. Inamwombea huruma tu. Inasema ndiyo, ameharibu, ila msimpige sana."

Kidole chake kikashuka hadi D, kikakaa hapo.

"D haisemi fundi ni mzuri," akaendelea. "Inasema magari hayakuwa sawa tangu mwanzo. Ukitaka kulinganisha mafundi ni lazima uwape magari yanayolingana. Yeye anapelekewa yale ambayo wenzake..."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikamalizia. "Mpeni Mikono," nikasema.

Ilinitoka tu. Alinitazama kama mtu niliyempiga kofi. Aliinuka, mashati yakaanguka, akaenda chumbani kwake na uzi ungali unaning'inia kwenye kidole, na nikasikia kitasa kikifungwa. Niliinama nikaokota mashati. Nilikuwa nimefurahi na kuogopa kwa pamoja, nikidhani kwamba sasa ameona, sasa atapona.

Jinsi nilivyokuwa mjinga. Kesho yake alikuja macho yamevimba. Nilikuwa nimeshajipanga. Nikamwambia avae, twende kwa msimamizi wake sasa hivi, amweleze kwamba ule mstari wa ukutani ni mrefu kwa sababu walikuwa wanamlundikia yeye wale waliowashinda. Mkuu wa zamu naye aulizwe, aache kuangalia sakafu.

"Nimweleze nini, wifi? Niseme Jenerali aliletwa kwangu akiwa..." Hakulitamka. "Niseme Mkurugenzi alikuwa..." Akatikisa kichwa. "Sijawahi kulisema hilo neno juu ya mtoto yeyote. Siku ile ofisini lilinijia, unajua? Lilinifika hapa kooni. Nikaona nikilisema nitakuwa nimewakana wote. Ndiyo nikasema nimechoka."

"Kumbe ulijua!"

"Sikujua. Nililimeza kabla sijalijua."

"Basi sasa unajua. Hukukosea."

Alinicheka, kicheko kikavu ambacho sikukipenda. "Wewe umesoma swali mara zote hizo na hujalisikia. Limeandikwa linadhoofisha. Halikuandikwa linafuta. Inawezekana kabisa magari yote mabovu yaliletwa kwa yule fundi, na bado kuna moja aliloliharibu kwa mikono yake mwenyewe."

"Unamsema Meneja."

"Sijui. Ndiyo ninachokwambia, sijui na sitajua. Nilipokuwa na uhakika kwamba nilikosea nilikuwa napata usingizi, wifi. Nilikuwa najua jina la kosa langu. Sasa mmeninyang'anya hata hilo, wewe na hicho kitabu chako."

Nilitaka kumwambia kitabu ni chake yeye, si changu, lakini hata mimi kuna siku najua kufunga mdomo. Alikonda siku zile. Chakula alikigusagusa tu. Alikuwa anasimama dirishani na mikono yake kwapani, ameificha. Kaka aliporudi safari akaniuliza nimemfanya nini mke wake, nikamwambia nimemsaidia kusoma.

Mtihani aliufanya, na majibu yalipotoka alikuwa amefaulu sehemu zote, ya tatu kwa alama za juu kabisa. Nilitaka kuwaambia majirani. Akanizuia, kulikuwa kumebaki usaili, na hospitali yake ilikuwa imetakiwa kupeleka maelezo yake. Alijua kilichoandikwa humo. Wataniuliza kwa nini nilihamishwa, alisema, hilo ndilo watakaloanza nalo.

Nilimsindikiza. Tulikaa kwenye benchi la ukumbi mrefu wenye sakafu inayoteleza kwa nta, wauguzi wanapita na viatu vyao visivyo na sauti, na nyuma ya mlango mmoja wa kioo cha ukungu kulikuwa na mlio mdogo wa mashine, ti, ti, ti. Wifi aliusikia kabla yangu. Niliona mabega yake yanashuka, kama ya mtu aliyefika kwake. Ndipo nilipoelewa ni kiasi gani alikuwa anavitaka vile vyumba.

Nikamshika kiwiko. "Wifi, nakuomba. Usiseme ulichoka."

"Nikisema lile jingine nitakuwa nimewasema wale watoto."

"Hawasikii."

"Mimi nasikia," akasema, na mlango ukafunguliwa wakamwita.

Alikaa ndani muda mrefu. Nilihesabu vigae, nikasoma tangazo la kunawa mikono mpaka nikachoka nalo, nikamwombea dua zote ninazozijua na nyingine nikazitunga. Alipotoka alitembea taratibu. Alikaa pembeni yangu. Uso wake haukuniambia kitu.

"Wamenichukua," akasema. "Naanza muhula ujao. Mle." Akaelekeza kidevu kwenye mlango wa ukungu.

Nilifungua kinywa nipige kigelegele pale pale ukumbini, waje wanitoe kama wanataka. Akaniwekea kiganja mdomoni. Kilikuwa cha baridi.

"Niliwaeleza kuhusu kona yangu," akasema. "Jinsi walivyokuwa wakinipelekea. Wakasikiliza vizuri, ni watu wazuri. Halafu mmoja akaniomba nitoe mfano wa mtoto. Mfano mmoja tu." Aliutazama mlango wa ukungu. "Nikawapa Meneja."

Nikatoa kiganja chake mdomoni mwangu, nikakishika. "Ulifanya vyema."

"Nimewaambia aliletwa kwangu kwa sababu tangu mwanzo hakuwa wa kupona. Nimelitamka, wifi. Kwa sauti, mbele ya watu, na mmoja wao akaliandika."

"Lakini si ni kweli?"

Nyuma ya kioo ile mashine iliendelea na mlio wake, na muuguzi mmoja akapita akatutabasamia, akidhani labda tumepata mtoto.

"Alikuwa ameanza kunyonya," akasema.